Metali Isiyochimbika

Historia ya metali adimu za kundi la lanthanidi husimuliwa kama ushindi wa subira: mkemia huyeyusha chumvi, huipoza, hutenga fuwele, kisha huanza upya, hadi metali mpya ijitenge na ndugu zake. Kwa nyingi kati ya metali hizo, ndivyo ilivyokuwa. Kwa promethi, elementi namba 61, sivyo. Hapa subira ndiyo iliyowapoteza watafiti, kwa sababu walichimba bila kujiuliza kama kitu wanachokitafuta kingeweza kudumu ardhini.

Pengo lenyewe lilijulikana mapema. Mwaka 1902 Bohuslav Brauner wa Prague alieleza kwamba kati ya neodimi na samari kuna elementi inayokosekana, na vipimo vya eksirei vya Henry Moseley vya miaka ya 1913 na 1914 vikaonyesha kuwa namba 61 haina mwenyewe. Mwaka 1926 wakajitokeza wadai wawili. B. Smith Hopkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walitangaza "illinium". Luigi Rolla na Lorenzo Fernandes wa Florence wakajibu kwamba wao walikwishaweka taarifa ya "florentium" katika bahasha iliyofungwa tangu 1924. Pande zote mbili zilitegemea mistari hafifu ya spektra kutoka kwenye chumvi zilizosafishwa mara nyingi kupita kiasi. Hakuna aliyeonyesha hata chembe ya metali yenyewe.

Mwaka 1934 Josef Mattauch alitoa kanuni iliyopaswa kuumaliza ubishi huo: elementi mbili zinazopakana haziwezi kuwa na isotopu thabiti zenye namba ileile ya uzito. Neodimi na samari zimekwishajaza namba zote kuanzia 142 hadi 150, yaani eneo ambamo isotopu thabiti ya namba 61 ingetarajiwa. Kwa hiyo promethi yote ni nururifu. Isotopu yake inayoishi muda mrefu zaidi, promethi-145, hupungua nusu kila baada ya miaka 17.7 hivi. Katika dunia yenye umri wa miaka bilioni 4.5, akiba yoyote ya mwanzo ilikwisha zamani sana.

Mtu anaweza kupinga kwamba radi nayo ni nururifu, na bado Marie na Pierre Curie waliipata ndani ya mawe. Hoja hiyo ina uzito, lakini radi huzaliwa upya kila siku kutokana na kuoza kwa urani, ambayo ni nyingi na huoza polepole. Promethi haina mzazi wa namna hiyo. Ile inayopatikana katika asili hutokana hasa na viini vichache vya urani vinavyopasuka vyenyewe, na makadirio ya ganda lote la dunia hayafiki kilo moja.

Mpasuko huohuo ndio uliofungua njia. Mwaka 1945 huko Oak Ridge, Tennessee, Jacob Marinsky, Lawrence Glendenin na Charles Coryell walichambua mabaki ya urani iliyopasuliwa ndani ya tanuri la nyuklia. Walipitisha mchanganyiko huo katika safu ya utomvu wa kubadilishana ayoni, ambamo kila metali hushuka kwa zamu yake, wakaikuta promethi-147, yenye nusumaisha ya miaka 2.6. Habari ilitangazwa mwaka 1947.

Itasemwa kwamba ni rahisi kuwahukumu watu wa 1926 kwa kanuni ya 1934. Ni kweli, na kosa lao la kwanza linasameheka. Lakini kanuni ilipokwisha kujulikana, madai hayo yaliendelea kukaa vitabuni kwa miaka mingine, ilhali hakuna aliyekuwa na metali mkononi. Pengo katika jedwali la elementi lilithibitisha kwamba elementi hiyo yaweza kuwepo. Halikuthibitisha kwamba ipo ardhini ikimsubiri mchimbaji.