Mfuko wa Mkononi: Koti la Mitumba na Historia ya Kupanda Mlima

Asafiriye kutoka Kasese kwenda Bwera hupitia upande wa Munkunyu, chini ya safu ya Rwenzori. Alfajiri waendesha bodaboda huvaa makoti mazito ya mitumba, au mivumba kama tusemavyo Uganda. Baadhi ya makoti hayo yana mfuko mdogo wa zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo. Je, mfuko huo ni wa nini?

Koti la namna hiyo lilishonewa watu wa nchi za baridi wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mfukoni huwekwa kadi ya kupandia viti vya waya. Mtambo huo ni waya mnene wa chuma uliounganishwa ncha zake, unaozungushwa na mota juu ya nguzo. Viti huning'inia kwenye waya. Vya upande mmoja hupanda na vya upande wa pili hushuka. Mwenye kadi hupita langoni, huketi, na kufika juu bila jasho.

Viti vya kwanza vya aina hiyo vilifungwa Sun Valley, Marekani, mwaka 1936. Mhandisi wa reli ya Union Pacific, James Curran, alipata wazo hilo kutokana na mitambo ya kupakia ndizi melini katika nchi za joto. Palipokuwa na kulabu ya mkungu wa ndizi, yeye aliweka kiti cha mtu. Kumbe mtambo wa theluji una asili yake katika zao tulijualo sana!

Kabla ya hapo milima mingi ilipandwa kwa miguu. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipandisha mbao zao Kilimanjaro, wakateleza nazo. Huku kwetu, mwaka 1906, Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alifika kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Mizigo ya msafara wake ilipandishwa kwa mabega ya wapagazi, Wakonzo wakiwamo, ambao tangu zamani waliiita theluji nzururu. Jina la malkia limo kwenye ramani. Majina ya waliobeba hayamo.

Suala hili si la kale tu. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilipotangaza nia ya kujenga magari ya waya Kilimanjaro, wapagazi na waongozaji waliingiwa na hofu ya kukosa riziki. Mtambo wa waya sasa ungewaondolea mizigo wabebaji wenyewe, pamoja na ujira wake.

Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilometa mraba 6. Kufikia 2003 ilikuwa imepungua hadi chini ya 1. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu wa Kasese, mwendapo likizo, wasikilizeni wazee waliopata kubeba mizigo mlimani. Waulizeni walivaa nini, walilipwa nini, na walitumia maneno gani ya Lukonzo na ya Kiswahili njiani. Barafu hatuwezi kuizuia kwa kalamu, lakini majina na maneno yao tunaweza kuyaandika.