Chyawanprash

Chyawanprash ni jamu nzito ya rangi ya kahawia iliyokolea, inayotengenezwa India kwa tunda la amla, sukari, asali, samli, mafuta ya ufuta na mitishamba inayokaribia aina arobaini. Huliwa kijiko kimoja au viwili kwa siku, aghalabu asubuhi, na wengi huisindikiza kwa maziwa ya moto. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huihesabu miongoni mwa rasayana, yaani dawa za kuujenga mwili na kuchelewesha uzee, si za kuponya ugonjwa mmoja maalumu. Kaskazini mwa India kopo lake hutolewa kabatini baridi inapoanza, Novemba hivi, na watoto ndio wa kwanza kufuatwa na kijiko. Ladha yake ni tamu mwanzo, halafu chachu, kisha ukali wa viungo na uchungu kidogo unaobaki kooni. Msomaji wa pwani aliyewahi kuonja majuni hatapata shida kuitambua sura yake.

Asili

Jina linatokana na Chyavana, mtawa wa masimulizi ya kale ya Kihindu. Inasimuliwa kwamba alikaa akitafakari miaka na miaka bila kujongea, hata mchwa wakamjengea kichuguu mwili mzima. Sukanya, binti wa mfalme Sharyati, akaona vitu viwili vikimetameta ndani ya kichuguu, akavichoma kwa mwiba. Kumbe ni macho ya mzee. Ili kutuliza hasira zake, mfalme akamwoza bintiye. Baadaye mapacha Ashvin, waganga wa miungu, wakamrudishia Chyavana ujana wake, naye akawalipa kwa kuwapatia haki ya kunywa kinywaji kitakatifu kiitwacho soma pamoja na miungu wengine.

Kisa hiki hupamba matangazo mengi ya biashara, ila matangazo huruka jambo moja. Katika Mahabharata, utenzi wa kale unaosimulia kisa hicho, Chyavana hali jamu yoyote. Anaingia ziwani pamoja na mapacha hao, wote watatu wanatoka vijana wanaofanana, na Sukanya anatakiwa amtambue mumewe. Jamu inatokea kwingine, katika Charaka Samhita, kitabu cha tiba kinachonasibishwa na tabibu Charaka, ambacho umbo lake la leo kwa sehemu kubwa ni la karne za kwanza baada ya Kristo. Humo, sura ya kwanza ya sehemu ya matibabu inatoa maelekezo kamili ya mapishi na kutaja kuwa ndiyo dawa iliyomrudisha Chyavana ujanani. Wakazi wa eneo la kilima cha Dhosi, mpakani mwa majimbo ya Haryana na Rajasthan, wanaamini kuwa makao ya mtawa huyo yalikuwa hapo.

Mapishi ya kale

Maelekezo ya Charaka yanataka matunda 500 ya amla. Mitishamba inayochemshwa pamoja nayo, zaidi ya 35, huwekwa pala moja moja. Pala kwa vipimo vinavyokubalika sasa ni gramu 48 hivi. Ndani ya orodha hiyo mna mizizi kumi maarufu iitwayo dashamula, guduchi, haritaki, zabibu, iliki, msandali na udi, ule ule ambao pwani huchomwa kwenye chetezo. Samli na mafuta ya ufuta kwa pamoja ni pala 12, sukari pala 50, asali pala 6. Mwishoni huongezwa unga mweupe unaopatikana ndani ya mianzi, pilipili ndefu, mdalasini, iliki na viungo vingine vya kunukia.

Amla, au Phyllanthus emblica kwa jina la kitaalamu, ni tunda la duara, kijani inayoelekea njano, lenye mbegu ngumu katikati na ukakasi unaokausha ulimi. Huiva majira ya baridi, na ndiyo maana viwanda hununua kwa wingi wakati huo. Wilaya ya Pratapgarh katika jimbo la Uttar Pradesh inajulikana kote India kwa mashamba yake.

Matunda hufungwa ndani ya kitambaa na kuning'inizwa kwenye sufuria ya mitishamba inayochemka. Yakilainika hutolewa mbegu, nyama yake ikasuguliwa juu ya kitambaa au chujio ili nyuzi zibaki nje. Rojo hilo hukaangwa polepole kwa samli na mafuta ya ufuta, likikorogwa bila kupumzika, hadi mafuta yaanze kujitenga pembeni. Maji ya mitishamba yaliyochujwa hupikwa na sukari mpaka yawe shira, kisha vyote viwili huunganishwa. Sharngadhara Samhita, kitabu cha Zama za Kati, kinataja dalili za kuiva ambazo mpishi yeyote wa halua atazielewa: shira ivute uzi, tone likitiwa majini lizame badala ya kutawanyika, na ukibonyeza kwa kidole alama ibaki. Asali huwekwa jamu ikishapoa. Ayurveda inakataza kabisa kuipasha asali moto.

Baadhi ya mitishamba ya orodha ya kale haipatikani kirahisi. Baadhi yake imo katika kundi la minane liitwalo ashtavarga, mimea adimu ya milima ya Himalaya, mingine ikiwa jamii ya okidi. Bhavaprakasha, kitabu cha karne ya 16, tayari kilikuwa kinaelekeza mimea ya kuweka badala yake, kama vile shatavari na ashwagandha. Kwa hiyo hata chyawanprash inayojinadi kuwa ya asili kabisa, karibu kila mara imetengenezwa kwa mbadala.

Suala la sukari

Katika maelekezo ya Charaka matunda huhesabiwa, ilhali vingine vyote hupimwa. Hapo pana mwanya mkubwa. Amla ya msituni ni ndogo, ya shambani iliyopandikizwa inaweza kuzidi gramu 40. Hata tukichukua tunda la gramu 10 tu, matunda 500 ni kilo 5, na sukari ya pala 50 ni kilo 2.4. Matunda yalikuwa maradufu ya sukari. Katika makopo mengi ya leo hesabu imepinduka: sukari ndiyo nzito kuliko vyote, mara nyingi nusu ya uzito au zaidi. Kijiko cha gramu 10 huweza kubeba gramu 5 au 6 za sukari, na vijiko viwili kwa siku vinakaribia nusu ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni vizuri mtu mzima asizipite. Hilo si kosa dogo kwa kitu kinachouzwa kwa jina la afya.

Charaka mwenyewe hatoi idadi ya vijiko. Anasema tu iliwe kwa kiasi kisichoharibu mlo wa mtu. Mnamo 2020, janga la Uviko lilipoanza, Wizara ya Ayush ya India, inayosimamia tiba za jadi, ilipendekeza gramu 10 kila asubuhi, na wenye kisukari watumie aina isiyo na sukari.

Kutoka jikoni hadi kiwandani

Kwa karne nyingi chyawanprash ilipikwa na waganga wenyewe, waitwao vaidya, kwa ajili ya wagonjwa wao. Kampuni ya Dabur, iliyoanzishwa na tabibu S. K. Burman mjini Calcutta mwaka 1884, iliileta sokoni ikiwa kwenye kopo lenye nembo mwaka 1949. Baidyanath, Zandu, Emami na Patanjali nazo zikajenga soko lao, na waigizaji na wachezaji kriketi, Amitabh Bachchan na M. S. Dhoni wakiwamo, wakaonekana kwenye matangazo. Ushindani huo umefika mahakamani. Julai 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ilitoa amri ya muda dhidi ya matangazo ya Patanjali ambayo Dabur ililalamika kuwa yanaidhalilisha chyawanprash ya wengine.

Kisheria, nchini India hii ni dawa. Sheria ya Dawa na Vipodozi ya mwaka 1940 inaitaja Charaka Samhita miongoni mwa vitabu vinavyotambuliwa, na kiwanda kinachofuata maelekezo ya vitabu hivyo hakidaiwi majaribio mapya ya kuthibitisha kuwa dawa inafanya kazi. Nje ya India mara nyingi huuzwa kama chakula. Afrika Mashariki hupatikana kwenye maduka yanayohudumia jamii za Wahindi, rafu moja na achari na unga wa dengu.

Manufaa na tahadhari

Charaka anaitaja kwa kikohozi, kubanwa pumzi, kupotea kwa sauti na kudhoofika, na anaisifu kwa wazee na watoto. Tafiti za kisasa zipo, lakini nyingi ni ndogo na baadhi zimegharamiwa na watengenezaji. Hazitoshi kusema kwa uhakika kwamba inazuia mafua au inaimarisha kinga. Hoja ya vitamini C nayo ina pingamizi. Amla mbichi ina vitamini hiyo kwa wingi, lakini joto la kupika huiharibu, ingawa watetezi husema tanini za tunda huilinda kwa kiasi fulani.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 katika jarida la JAMA ulikuta madini mazito kama risasi, zebaki au aseniki katika bidhaa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa eneo la Boston. Haukuihusu chyawanprash peke yake, ila unatosha kumfanya mtu achague mtengenezaji anayepima bidhaa zake. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa sita walioumia ini baada ya kutumia guduchi. Wizara ya Ayush ililipinga hitimisho lao. Kwa kuwa jamu hii ina asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa. Mjamzito, mwenye kisukari na anayetumia dawa za hospitali kila siku amwulize kwanza daktari.

Mtu mzima mwenye afya anayeipenda ladha yake anaweza kula kijiko chake asubuhi bila hofu, mradi asiifanye mbadala wa matunda wala wa matibabu. Anayenunua asome kibandiko cha nyuma kabla ya picha ya mbele: viambato vikiwa vimepangwa kwa uzito na sukari ikitangulia amla, ajue analipia sukari zaidi.