Wadudu wa mto, mashahidi wa maji

Tangu zamani, mama anayekwenda kuchota maji hutazama kwanza rangi, hunusa, tena hutazama nini kinatembea ndani. Wataalamu wa Ulaya walichelewa kuliandika jambo hilo. Ni mwaka wa 1908 na wa 1909 ndipo Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walipopanga mimea na wanyama wa mto kufuatana na uchafu wanaoweza kuvumilia.

Sababu ni pumzi. Chini ya mawe, pale maji yanapokimbia, kunaishi wadudu wadogo wenye mikia mitatu, na wengine wanaojijengea kifuko cha mchanga. Hao wanataka hewa nyingi majini. Uchafu wa kuoza ukiingia, hewa inapungua, nao wanakwisha wa kwanza. Vinabaki vijidudu vyekundu vya matopeni. Wenzetu wa Tanzania walipata mwaka wa 2015 njia yao ya kuhesabu, inayoitwa TARISS: kila jamaa ya wadudu inapewa alama, karibu kama sisi walimu tunavyosahihisha.

Hapa kwetu matope ndiyo yananitia wasiwasi zaidi. Kule Namoya, katika Kabambare, zahabu ilianza kuchimbwa wakati wa Wabelgiji. Mchanga ukioshwa ndani ya kijito, matope yanafunika mawe, na mdudu wa mawe hana tena pa kushika. Samaki aliyemla naye anakosa chakula.

Lakini mto mzima si lazima uwe rafiki wa mtu. Usubi, ule unaoleta upofu wa mto, watoto wake wanakua katika maji yanayokimbia, yenye hewa nzuri! Mwaka wa 1948 Wabelgiji walimwaga DDT katika mto Kongo karibu na Léopoldville, na usubi ulikwisha pale. Sumu ile haichagui mdudu. Baadaye, katika mpango wa Afrika ya Magharibi ulioanza mwaka wa 1974, walihesabu pia wadudu wengine na samaki, wapate kujua kama dawa inaua mto wenyewe.

Tena mdudu hasemi kitu juu ya kolera: maji ya kunywa yachemshwe tu. Kwa kupima mto, darasa linahitaji chujio na beseni nyeupe. Wanafunzi wasugue mawe yaleyale kwa hesabu, juu ya machimbo na chini yake, siku moja, halafu waandike aina walizopata. Msimu wa kiangazi unafaa zaidi, maji yakiwa machache.