Waliojaribu Bila Kuahidiwa Ushindi



Katika vikao vya jumuiya zetu, kazi mpya inapopendekezwa, swali la kwanza huwa: "Je, mna hakika itafanikiwa?" Asiye na hakika huketi chini. Juma hili tumeona vema kuukumbuka msafara mmoja ambao, kama ungalingoja hakika hiyo, usingaliondoka pwani.

Mwezi Juni 1878, Wamisionari wa Afrika kumi, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, waliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Mwezi Agosti Padre Pascal, kiongozi wa kundi la Tanganyika, alifariki kwa homa kabla ya kufika Tabora. Wenzake walimzika, wakaendelea.

Huko Tabora wakagawanyika. Walioshika njia ya Tanganyika walifika Ujiji Januari 1879, kisha wakafungua misheni Rumonge, katika Burundi ya leo. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na mlei d'Hoop waliuawa hapo, na misheni ikaachwa.

Kundi la Nyanza lilionekana kuwa na bahati zaidi. Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Entebbe Februari 1879, na Kabaka Mutesa akawapokea. Lakini ikulu ilikuwa na mivutano mingi, na Lavigerie alitaka ukatekumeni wa miaka minne, hivyo waliobatizwa walikuwa wachache mno. Novemba 1882 mapadre waliona hatari imezidi. Wakavuka ziwa kuja kusini, na mwaka uliofuata wakaanzisha misheni Bukumbi, karibu na Mwanza. (Siku hizi tungeandika katika taarifa kwamba mradi umefungwa.)

Nyuma yao alibaki Yosefu Mukasa, mhudumu wa ikulu, aliyebatizwa tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, miezi saba tu kabla ya mapadre kuondoka. Siku hiyohiyo alikuwa amebatizwa pia Andrea Kaggwa. Walei hao, wachanga katika imani, wasio na padre wala Misa, walifundisha wenzao kwa kadiri walivyokumbuka. Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye uzito wa historia hii, kuliko hata katika safari ndefu ya kutoka pwani. Mapadre waliporudi Julai 1885, walikuta wakatekumeni wengi kuliko waliowaacha.

Mukasa alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo Karoli Lwanga, aliyekuwa mwanafunzi wake, alibatizwa. Kaggwa aliuawa Mei 1886, na Lwanga akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Wote watatu wamo kati ya mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Burundi ilingoja zaidi. Misheni ya Muyaga ilianzishwa 1898 na Mugera 1899, zaidi ya miaka 15 baada ya damu ya Rumonge, kwa mikono ya watu wengine. Padre Pascal hakuliona ziwa lolote kati ya hayo.