Baiskeli milimani: Safari ya siku nyingi hupangwa vipi?

Kusafiri kwa baiskeli ya milimani kwa siku kadhaa mfululizo, kupitia mashamba, mabonde na nyika zisizo na maduka wala hospitali, ni shughuli iliyopata wafuasi wengi kusini mwa Afrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi huiona kuwa ni mtihani wa miguu na mapafu. Hata hivyo, msafiri mwenye nguvu anaweza kukwamishwa na mambo ambayo yangeamuliwa mezani kabla ya kuondoka: maji yaliyokwisha, giza lililoingia mapema, au lango lililofungwa kwa kufuli.

Mfano mzuri wa maandalizi hayo unapatikana katika mtaa wa Braamfontein, kaskazini mwa kitovu cha jiji la Johannesburg. Mtaa huo unafahamika kwa majengo ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand na kwa Daraja la Nelson Mandela, lililofunguliwa mwaka 2003. Kwa waendesha baiskeli, jina la Braamfontein lina maana nyingine pia.

Kijito cha mazoezi

Kijito kinachobeba jina la mtaa huo, Braamfontein Spruit, huanzia katika miinuko ya katikati ya jiji na kutiririka kuelekea kaskazini, kupitia Delta Park na vitongoji vya mbele yake, hadi kinapoungana na mto Jukskei. Kandokando yake kuna njia ya udongo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, ambayo kwa miaka mingi imekuwa uwanja wa mazoezi wa waendesha baiskeli za milimani wa Johannesburg.

Njia hiyo ina mawe, mizizi, vivuko vya maji na vilima vifupi vyenye mwinuko mkali. Iko pia katika kimo kikubwa juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mtu aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam atahitaji siku kadhaa kabla ya pumzi yake kuzoea. Kwa sababu ya visa vya uporaji, wenyeji hupendelea kupita huko kwa makundi, tena wakati wa mchana.

Mazoezi yenye manufaa ni yale yanayofanana na safari yenyewe. Anayekusudia kubeba mizigo ya kilo 8 afanye mazoezi akiwa na kilo 8. Anayekusudia kusafiri siku sita aendeshe angalau siku mbili au tatu mfululizo, kwa kuwa maumivu ya mikono, magoti na makalio hujitokeza siku ya pili, wala si ya kwanza.

Aina mbili za safari

Afrika Kusini ina mifano miwili inayotofautiana sana. Mashindano ya Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004 katika jimbo la Rasi ya Magharibi, hudumu kwa siku nane. Washiriki huendesha wawili wawili, njia imewekewa alama, na chakula, mahema, mafundi na madaktari huandaliwa na waandalizi.

Mfano wa pili ni Freedom Challenge, safari iliyoanzishwa katika miaka hiyo hiyo, inayotoka Pietermaritzburg katika jimbo la KwaZulu-Natal hadi karibu na mji wa Wellington katika Rasi ya Magharibi. Umbali wake ni takribani kilomita 2,200, na jumla ya miinuko inayopandwa ni karibu mara sita ya kimo cha mlima Kilimanjaro. Njia haina alama hata moja. Mshiriki hutumia ramani za karatasi na dira, na haruhusiwi kuongozwa na vifaa vya setilaiti. Hulala katika nyumba za mashambani na vijijini, na huko hukuta kopo la plastiki la lita 2 alilolituma mapema, lenye vitu vyake vichache. Muda unaotolewa ni siku 26, na anayemaliza hutunukiwa blanketi la Kisotho.

Msafiri anayepanga njia yake mwenyewe hana budi kujifunza kutokana na mfano huu wa pili, kwa kuwa hakuna atakayemfikiria isipokuwa yeye mwenyewe.

Msimu na mwanga

Uamuzi wa kwanza ni wa msimu. Katika nyanda za juu za Afrika Kusini, mvua za radi hunyesha alasiri kati ya Oktoba na Machi. Karoo, eneo la nusu jangwa lililo upande wa kusini-magharibi, huwa na joto kali katika miezi hiyo. Kuanzia Mei hadi Agosti sehemu kubwa ya nchi huwa kavu na njia huwa ngumu, lakini usiku huwa na baridi ya chini ya sifuri, na theluji huanguka katika milima iliyo karibu na Lesotho.

Jambo linalowashangaza wageni kutoka Afrika Mashariki ni mwanga. Anayeishi Nairobi au Kampala amezoea mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima. Kusini mwa Afrika, mwezi Juni, mchana hudumu takribani saa 10 tu. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na kufikia saa kumi na moja na nusu jioni huwa limekwisha kutua. Baridi huingia mara tu linapozama.

Hesabu ya umbali

Kosa la kawaida ni kupima siku kwa kilomita. Kipimo sahihi ni saa. Chukua mfano wa siku ya kilomita 90. Kilomita 60 za barabara ya vumbi, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, huchukua saa 4. Kilomita 24 za njia mbovu, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, huchukua saa 3. Kilomita 6 za mwisho ni za kupanda mlima huku baiskeli ikibebwa begani. Kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, nazo huchukua saa 3.

Jumla ni saa 10, kabla ya kuhesabu kula, kujaza maji, kuziba pancha na kusoma ramani. Kwa hiyo siku hiyo ni ndefu kuliko mwanga wa mwezi Juni. Kilomita 6 za mlima, ambazo ramani inazionesha kuwa kipande kidogo tu, zimekula karibu theluthi moja ya siku, tena wakati jua linapozama. Mpangaji mwenye busara atahamisha mahali pa kulala ili mlima huo upandwe asubuhi.

Maji na majina ya ramani

Mwendesha baiskeli huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa kila saa, kulingana na joto. Kwa siku ya saa 9, kiasi cha chini kabisa ni zaidi ya lita 4, yaani zaidi ya kilo 4 za mzigo. Kwa sababu hiyo, swali la msingi katika kila siku ya safari ni hili: kutoka chanzo kimoja cha maji hadi kingine ni saa ngapi?

Hapa jina la Braamfontein linatoa somo. Katika lugha ya Kiafrikana, neno "fontein" lina maana ya chemchemi, na mtaa huo wa maghorofa uliitwa hivyo kutokana na shamba lililokuwapo kabla ya jiji. Ramani za Afrika Kusini zimejaa majina ya aina hiyo, kama vile Bloemfontein na Matjiesfontein, pamoja na mashamba mengi yasiyojulikana nje ya maeneo yake. Kila jina linaeleza kwamba mtu fulani aliwahi kupata maji mahali pale. Halielezi kama maji yapo leo.

Katika Karoo, mashamba mengi huvuta maji ya ardhini kwa pampu za upepo na kuyahifadhi katika matangi ya saruji. Pampu iliyoonekana kwenye ramani huenda imeharibika, au maji yake yakawa na chumvi. Kwa hiyo chanzo ambacho hakijathibitishwa kwa simu au kwa kumuuliza mwenyeji kihesabiwe kuwa ni kikavu. Maji ya mito, hasa yale yanayopita chini ya miji na mifugo, yachemshwe, yachujwe au yatiwe dawa. Kijito cha Braamfontein chenyewe, ambacho hupokea maji machafu ya jiji, si cha kunywa.

Upande wa chakula, mwili unaofanya kazi hiyo kutwa nzima unaweza kutumia nishati maradufu ya siku ya kawaida. Karanga, tende, siagi ya karanga, mkate na nyama iliyokaushwa hubebeka kwa urahisi. Kula kidogo kila saa ni bora kuliko kusubiri njaa.

Ramani na dira

Ramani rasmi za Afrika Kusini za kipimo cha 1:50,000 huonesha mita 500 kwa kila sentimita moja, pamoja na kontua za kila mita 20. Kontua zikisongamana, mwinuko ni mkali na baiskeli itasukumwa au kubebwa.

Anayetumia dira akumbuke tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi. Nairobi na Dar es Salaam tofauti hiyo ni ndogo sana, na wengi huipuuza. Katika njia ya Pietermaritzburg hadi Wellington, sindano ya dira huelekea zaidi ya digrii 20 magharibi mwa kaskazini halisi. Asiyeirekebisha, baada ya kilomita 3, atakuwa amepotoka kwa zaidi ya kilomita moja, na huenda akashukia bonde lisilo lake. Anayetegemea simu au kifaa cha setilaiti abebe ramani ya karatasi pia, kwani baridi hupunguza haraka nguvu ya betri.

Vifaa

Vifaa vya matengenezo ni vile vinavyoweza kuirudisha baiskeli barabarani bila fundi: tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, kifaa cha kukatia mnyororo pamoja na viungo vya akiba, ufunguo wa spoki, raba za breki, mafuta ya mnyororo na waya mwembamba. Kila msafiri ajue kuvitumia kabla ya safari, kwa mikono iliyokufa ganzi na katika giza. Taa mbili, koti la mvua, nguo kavu za kulalia na blanketi jepesi la dharura havipunguzwi kwa ajili ya uzito.

Malango na wenyeji

Sehemu kubwa ya nchi kati ya Johannesburg na bahari ni mashamba ya watu binafsi yaliyozungushiwa uzio. Njia inayoonekana kwenye ramani huenda ikawa ni ya shamba tu, na ruhusa iombwe mapema. Kanuni ya malango ni moja: lililokutwa limefungwa lifungwe, na lililokutwa wazi liachwe wazi. Mifugo iliyochanganyika kwa sababu ya lango moja inaweza kumgharimu mfugaji siku nzima ya kazi, na msafiri atakayefuata hatapokewa vizuri.

Katika vijiji vya Rasi ya Mashariki, ambako ardhi nyingi ni ya jamii, salamu na maelezo mafupi ya safari hufungua njia. Wenyeji ndio wanaojua daraja lililosombwa na mto uliofurika.

Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki

Kanuni hizi hazibadiliki katika njia ya Lushoto hadi Mtae kwenye milima ya Usambara, wala katika eneo la Maasai Mara, ambako mashindano ya Migration Gravel Race yalianza mwaka 2021 kwa safari ya siku nne. Kinachobadilika ni hatari zenyewe. Wakati wa masika, udongo mweusi hunasa kwenye magurudumu hadi yakaacha kuzunguka. Palipo na tembo au nyati, kusafiri alfajiri na usiku ni hatari, na hifadhi za taifa zina masharti yake kuhusu baiskeli.

Kabla ya kuondoka

Anayeanzia Johannesburg atapata mabasi ya masafa marefu katika kituo cha Park Station, pembezoni mwa Braamfontein. Si kila basi hupokea baiskeli, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kukata tiketi, na kuifungasha baiskeli ndani ya boksi.

Nakala ya mpango ibaki kwa mtu wa kuaminika: njia ya kila siku, mahali pa kulala, na saa ambayo, ikipita bila habari, atatakiwa kutoa taarifa. Afrika Kusini nambari ya dharura kwa simu za mkononi ni 112, lakini mabonde mengi hayana mtandao, na hapo kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe huwa na thamani kubwa.

Jambo la mwisho ni saa ya kugeuka. Kwa kila siku yenye mlima au kivuko kigumu, iandikwe mapema saa ambayo, kama msafiri hajafika pale, atarudi au atatafuta makazi. Anayetetemeka bila kukoma, au anayeanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, tayari anaathiriwa na baridi, na huenda asiweze tena kuamua vyema. Ndiyo maana saa hiyo huandikwa nyumbani, mtu akiwa ameshiba na akili yake imetulia.