Kupaliwa na kumeza vitu kwa watoto (Masisi na Walikale)

Mtoto hupaliwa pale chakula au kitu kingine kinapoingia kwenye njia ya hewa. Kikipita kwenye umio, huwa amekimeza. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa mwaka 1 hadi 3, ambao hutia kila kitu kinywani na magego yao hayajakamilika.

Vyanzo. Katika maeneo ya Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, punje za hatari zimo katika chakula cha kila siku: maharagwe, mahindi na karanga. Maharagwe na karanga hufyonza unyevu na kuvimba ndani ya njia ya hewa. Sarafu, zinazomezwa sana na watoto katika nchi nyingi, hazimo katika faranga ya Kongo, ambayo tangu 1998 ni ya noti. Betri bapa ya saa ikikwama kwenye umio huweza kuuunguza ndani ya saa 2.

Dalili. Kikohozi huanza ghafla wakati wa kula au kucheza. Kikitulia, huenda punje imeshuka, mara nyingi upande wa kulia, ambako njia ya hewa ni pana na imenyooka zaidi. Baadaye homa na kikohozi hufanana na nimonia, na kwa kawaida eksirei haionyeshi karanga. Hivyo mzazi aseme kwamba mtoto alipaliwa, hata kama ni siku nyingi zimepita.

Huduma ya kwanza. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa wala kulia huinamishwa na kupigwa mara 5 kati ya mabega. Kitu kisipotoka, wa chini ya mwaka 1 hukandamizwa kifuani mara 5; aliyezidi hapo hubanwa kutoka nyuma, juu ya kitovu, mara 5. Hatua hizo hurudiwa kwa zamu. Kidole kisitiwe kooni kwa kubahatisha. Aliyemeza kitu asitapishwe.

Matibabu. Mwaka 1897 Gustav Killian, huko Freiburg, Ujerumani, alitoa mfupa kwenye njia ya hewa kwa bomba lenye taa. Hadi leo kazi hiyo hutaka vifaa, dawa ya usingizi na daktari bingwa. Masisi iko takriban kilomita 80 kutoka Goma, mji mkuu wa jimbo hilo, na Walikale iko mbali zaidi, msituni; mvua na vita hufunga barabara. Kwa sababu hiyo kinga huanzia jikoni: karanga zisagwe kwa watoto wa chini ya miaka 5, nao wale wakiwa wameketi, mbele ya mtu mzima.