Tanzia, Kosa na Uovu: Dhana ya Aristotle Ikisomwa Kutoka Ibadakuli

1. Utangulizi

Katika matumizi ya kila siku, tanzia ni taarifa ya kifo. Neno hili, lenye nasaba moja na taazia, ndilo lililopewa kazi ya kutaja aina ya tamthilia iliyoasisiwa na Wagiriki wa kale. Uteuzi huo una mantiki, lakini umeacha athari mbili katika usomaji wetu. Kwanza, hudhaniwa kwamba tanzia ni lazima iishie kaburini. Pili, kwa kuwa pana kifo, hutafutwa mwovu aliyekistahili au aliyekisababisha. Makala haya yanadai kwamba mambo yote mawili yanapingana na Aristotle, na kwamba tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa msomaji aliyepo Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma ambako swali la nani ameleta msiba limegharimu maisha ya watu.

2. Aristotle na tanzia bora

Aristotle (384–322 KK) aliandika Poetiki yapata karne moja baada ya Sophocles. Kwake, tanzia ni uigaji wa tendo zito na kamili, unaoamsha huruma na hofu. Msuko ndio roho yake, wahusika hufuata. Katika sura ya 13 anachambua anguko linalofaa. Mwema kabisa akiangamia, hadhira huchukizwa. Mwovu kabisa akiangamia, haki imetendeka, lakini hakuna huruma wala hofu. Anayebaki ni mtu wa kati, anayeanguka kwa sababu ya hamartia, wala si kwa uovu. Kitenzi cha asili cha neno hilo kilitumika pia kwa mrusha mkuki aliyekosa shabaha. Kulifasiri kuwa “ila” au “dosari ya tabia”, kama ilivyozoeleka, ni kurudisha kwa mlango wa nyuma lawama ambayo mwanafalsafa huyo aliitoa.

Kuhusu kifo, sura ya 14 inashangaza zaidi. Humo Aristotle anausifu kuliko yote msuko ambamo mtu yu karibu kumuua ndugu yake bila kumjua, kisha anamtambua kabla ya kutenda. Mfano wake mmoja ni Iphigenia wa Euripides, ambaye nusura amtoe kafara kaka yake, Orestes. Hapo hakuna maiti, na bado ni tanzia.

3. Dhana hii katika Kiswahili

Wasomaji wa Kiswahili walimpata Sophocles kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971. Mfalme huyo alimuua babake na kumwoa mamake bila kuwajua. Mwisho wa mchezo anajitoboa macho, lakini hafi.

Miaka miwili kabla, Ebrahim Hussein alikuwa ametoa Kinjeketile (1969), tamthilia inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905–1907. Kinjeketile wa Hussein si mwovu, wala si tapeli. Ametamka neno lililowaunganisha watu, kisha neno hilo likamzidi nguvu mwenye kulitamka. Uzito wa onyesho la mwisho hauko kwenye kitanzi. Uko kwenye uamuzi wake wa kukataa kuikana maji mbele ya Wajerumani, ingawa yeye mwenyewe amekuwa na shaka. Hilo ni kosa kwa maana ya Aristotle, na ndiyo sababu tunamhurumia.

4. Usomaji wa Usukuma

Kwa miongo kadhaa, Shinyanga na mikoa jirani imejulikana kwa mauaji ya vikongwe, hasa wanawake, wanaotuhumiwa uchawi. Macho mekundu huhesabiwa kuwa ushahidi, ilhali moshi wa kuni na wa samadi jikoni unatosha kuyaeleza. Mfuatano wa mambo unafahamika: mtoto anafariki au mifugo inakufa, ndugu wanakwenda kwa mganga, ramli chonganishi inamtaja jirani au hata mama mkubwa, na mapanga yanafuata.

Mfalme Edipode inaanza vivyo hivyo. Tauni imeikumba Thebes, kauli ya Delphi inataka mhalifu asakwe, na mwaguzi Tiresias anataja jina. Ni kweli kwamba mwaguzi huyo hakukosea. Hata hivyo, kwaya inakataa kumhukumu mtu kwa kauli ya mwaguzi pekee kabla ya kuona uthibitisho. Ukweli unathibitika kwa ushahidi wa wazee wawili, mjumbe kutoka Korintho na mchungaji wa Thebes, wanaohojiwa hadharani. Tena anayepatikana ni mfalme aliyeanzisha msako mwenyewe, wala si ajuza asiye na mtetezi.

5. Hitimisho

Mwalimu anayefundisha kwamba Edipode aliadhibiwa kwa ubaya wake anawathibitishia wanafunzi jambo ambalo baadhi yao wamelisikia nyumbani: kwamba kila msiba una mwovu nyuma yake. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza hamartia ifasiriwe “kosa la kutojua”, na tanzia ifafanuliwe kwa huruma, hofu na utambuzi badala ya kifo. Iphigenia alimtambua kaka yake kabla ya kafara. Katika mauaji ya vikongwe, utambuzi kwamba aliyeuawa alikuwa mama tu mwenye macho yaliyoathiriwa na moshi, ukija, huja baada ya mazishi.